Kilio kwa Kiingereza

Sehemu ya Tisa

Msomaji, ulipokunja gazeti Jumapili iliyopita ulimwacha Akelo amesimama juu ya meza mbele ya wazazi wa shule nzima, anaanza kutetea masomo yake kwa Kiingereza. Na ulimwacha Ngosha, mpinzani wake, amerukia meza ya pili na kuanza kuhutubia wakati huohuo, kwa sauti ya mtu anayefukuza ng'ombe kwenye shamba la mtama.

Wengi mmenisimamisha njiani pale Mirongo mkimlaani Ngosha kwa ukorofi. Mnamwonea bure. Ngosha aliruhusiwa, tena na hakimu mwenyewe.

Kwa yule aliyefungiwa maandazi gazeti la wiki iliyopita, namkumbusha haraka.

Tuko Mkolani, hapahapa Mwanza, kwenye Sekondari ya Mtakatifu Wellington. Usiniulize Wellington ni mtakatifu wa wapi. Hata padre hamjui. Jina alilichagua Mzee Chenge, mwenye shule, ambaye soko huria lilimkuta na lori moja la kubebea pamba, likamwacha na shule ya bweni, mashine ya kukoboa mpunga na kitambi.

Shule hiyo imezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Nje ya mawe ni Tanzania, sema utakavyo. Ndani ya mawe, kwa amri ya Mkuu wa shule Mwalimu Venant, ni Kiingereza tu. Wageni wamesamehewa. Mwanafunzi akikamatwa anasema Kiswahili, Kisukuma, Kihaya au Kikerewe, anavikwa shingoni kibao kinachotangaza kuwa yeye ni mjinga. Akikamatwa mara ya tatu katika muhula mmoja, anafungasha sanduku.

Akelo, binti wa mvuvi Odoyo wa Shirati, alikamatwa mara mbili akiwa macho. Mara ya tatu alikamatwa usingizini. Aliota kwa Kijaluo, kwa sauti, na mama wa bweni Dorotea akasikia kila kitu.

Walimu walikaa kikao kizima kuamua kama ndoto inahesabika. Wakaamua inahesabika, kwa kuwa kitanda kilikuwa ndani ya mawe.

Mkuu Venant akamwachia Akelo tundu moja tu la kupenyea. Ashinde mdahalo wa siku ya wazazi, akitetea kwamba maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini, na ndoto yake itasamehewa. Akishindwa, Jumatatu anapanda basi la Musoma. Mzee Chenge naye, kwa kuwa anapenda kupigiwa makofi, akaongeza lake: mshindi wa siku hiyo atasoma bure mpaka amalize kidato cha nne.

Sasa yule mgeni rasmi aliyekuwa ahukumu, msomi mmoja wa mjini, gari lake lilinasa kwenye tope. Mzee Chenge hakupoteza dakika. Alimshika mkono rafiki yake Mzee Mhoja wa Magu, akamkalisha kwenye kiti cha hakimu. Mzee Mhoja amehukumu mashindano ya ngoma Usukuma nzima tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji.

"Bebe, wewe mwalimu," alisema Mzee Mhoja, "pande ni mbili?"

"Mbili," alijibu Mkuu Venant. Alikuwa ametoka nje ya mawe ili aweze kujibu kwa Kiswahili, maana sheria yake anaifuata hata yeye mwenyewe.

"Zinashindana?"

"Zinashindana."

"Basi zianze."

"Zote, mzee? Kwa pamoja?"

"Sasa moja ikianza peke yake, itakuwa inashindana na nani?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mwenye akili za Kisukuma ameshaelewa. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma za Kisukuma, wanaposhindana hawachezi kwa zamu. Wanaingia uwanja mmoja, saa moja, kila kundi na ngoma zake, na watu wanatembea kwa miguu yao kwenda kwa anayewapendeza. Jioni hakimu anatazama. Mwenye watu wengi ndiye mshindi, mwingine akojoe akalale.

Mkuu Venant alitaka kueleza kwamba mdahalo si ngoma. Lakini Mzee Chenge alishaanza kucheka kwa furaha.

"Kumbe mdahalo ndiyo huu!" alisema. "Miaka yote mwalimu unanificha! Nilikuwa nakaa pale nasinzia, nadhani ni ibada."

Basi pande zikaanza.

Akelo alikuwa amekariri hoja zake wiki nzima. Alisema kwa Kiingereza safi kwamba hewa ya kijijini ni nzuri. Akasema maziwa ya kijijini hayajachanganywa na maji. Aliposema jambo la tatu, kuhusu heshima kwa wakubwa, aliona wakubwa wenyewe wanainuka, wanabeba viti vyao na kuhamia upande wa Ngosha.

"Sema kitu!" Evelina, msaidizi wake, alimvuta sketi huku akinong'ona kwa Kiingereza.

"Si ndiyo nasema!"

"Sema kingine!"

Wangesema nini? Ngosha ni mtoto wa Machibya, na Machibya ni manju, kiongozi wa ngoma wa Bagalu, ambaye amewahi kuwafanya watu waache mazishi waje kumtazama. Kijana alijua kazi. Hakujisumbua kuutetea mji hata kidogo. Alikuwa anatoa somo la baolojia, mstari kwa mstari, anaruka na kutua kila anapofika kwenye nukta. Alipofika kwenye usanisinuru alipiga magoti, akainua mikono, akalitamka neno hilo kwa Kiingereza mara saba, na akina mama wakapiga vigelegele.

Nestory, msaidizi wake, alikuwa chini anapiga ndoo.

Halafu Ngosha akaingiza mkono chini ya meza, akatoa chupa.

Uwanja mzima ukashtuka. Ndani ya chupa, kwenye dawa ya kuhifadhia, alikuwamo nyoka. Nyoka huyo ndiye maabara yote ya Mtakatifu Wellington. Hakuna kingine mle isipokuwa meza.

"Nyoka wangu!" alipiga kelele Mkuu Venant kwa Kiingereza. "Rudisha nyoka wa shule!"

Ngosha aliweka chupa kichwani, akaachia mikono, akaanza kutikisa mabega. Nyoka akatikisika pamoja naye. Watu wa Magu, ambao wamezoea kuona manju anacheza na chatu mzima, waliona kwamba huyu wa chupa naye si haba, na wakakimbilia huko wote.

Akelo alitazama upande wake. Alikuwa amebakiwa na mzee mmoja aliyelala.

Nitasema kama ilivyo: aliogopa. Alimwona baba yake ufukweni, yule Odoyo ambaye ametangazia mitumbwi yote kwamba binti yake anasoma Kiingereza Mwanza. Alijiona anashuka kwenye basi na sanduku la bati, na watu wanamuuliza amefanya nini. Angejibu kwamba ameota.

Jasho likamtoka. Na katika kutokwa jasho akajiuliza swali moja la maana kuliko hoja zake zote. Watu wanakimbilia nini bila kuitwa?

Kwao jibu linajulikana. Harusi watu hualikwa. Kwenye kilio wanakuja wenyewe, na wanakuja mbio.

Akelo akaruka kutoka juu ya meza. Akaweka mikono yote miwili kichwani, akavuta pumzi mpaka kwenye kucha za miguu, akalia.

Hakulia kwikwi ya msichana aliyeibiwa sabuni. Alilia kilio cha Wajaluo, kile chenye wimbo ndani yake, ambacho mtu anakimbia nacho mbele, anarudi nyuma, anamwita aliyeondoka na kuyataja mema yake moja moja. Tofauti ilikuwa moja tu. Maneno yote yalikuwa Kiingereza.

"Kijiji kimekufa!" alilia. "Vijana wote wamekwenda mjini, kijiji kimekufa! Nani atashona nyavu za Odoyo? Nyavu za Odoyo zimekauka juu ya mawe! Mtumbwi wa Odoyo umepinduliwa juu chini! Ee Odoyo, nyumba yako ina nani?"

Na ukitafakari, msomaji, hoja yenyewe haikuwa mbaya.

Evelina alishangaa kidogo tu. Kisha naye akashika kichwa, akaitikia.

Upande wa pili, mwanamke mmoja aliyekuwa mstari wa mbele kabisa kumshangilia Ngosha aligeuza shingo. Aliitwa Ng'washi. Alikuwa mama mzazi wa Ngosha.

"Kuna msiba," alisema.

"Ni mdahalo," alisema jirani yake.

"Mtoto analia hivyo halafu wewe unatazama nyoka?"

Ng'washi alifunga kanga kiunoni, akaondoka. Kumi wakamfuata, wakafuata hamsini. Wanaume wakavua kofia. Hakuna aliyejua amekufa nani, na hakuna aliyeuliza, maana adabu ni kulia kwanza. Ng'washi alimkumbatia Akelo, akaangua kilio cha Kisukuma, na wamama wote wa Mkolani wakaungana naye.

Nestory aliacha ndoo. Alikuwa amefiwa na babu yake mwezi uliopita na jambo lenyewe lilikuwa bado bichi. Akavuka uwanja huku anafuta macho, akaenda kulia upande wa wapinzani wake.

Ngosha akabaki juu ya meza na nyoka kichwani. Alimtazama mama yake kwa uchungu sana, lakini angemwita kwa lugha gani?

"Naona," alisema Mzee Mhoja, akachukua usinga wake na kuinuka. "Naona vizuri."

Akelo alimwona anainuka. Katikati ya machozi alianza kuhesabu vichwa, na vichwa vyote vilikuwa vyake. Hatua chache zilibaki. Mzee Mhoja angefika, angeweka usinga juu ya kichwa chake, na mambo yangekwisha.

Ndipo sauti nyingine ya kilio ikapasuka kutoka getini, na sauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko yake.

Akelo aliijua. Aliijua tangu alipokuwa akibebwa mgongoni.

Alikuwa bibi yake, Bibi Selina, mama mzazi wa Odoyo, ambaye alipanda basi Shirati jana yake ili aje kumwona mjukuu wake siku ya wazazi. Basi lilichelewa. Bibi wa watu ameshuka na fuko lake la samaki wakavu, amefika getini, na kitu cha kwanza anachosikia ni mjukuu wake anaimba wimbo wa msiba wa kwao kwa lugha asiyoielewa. Neno moja tu ndilo alilolielewa. Jina la mwanawe.

Samaki walimwagika. Bibi Selina alikimbia, akaanguka, akainuka, akaanguka tena katikati ya uwanja. Alimwita Odoyo. Alimuuliza kwa nini amemwacha, kwa nini hakusubiri amzike mama yake kwanza. Wamama wa Mkolani walipoona mfiwa mwenyewe amefika, wakamwacha Akelo pale pale, wakamzunguka bibi.

"Dana..." Akelo alianza kumwita bibi kwa Kijaluo, akajiziba mdomo. Mkuu Venant alikuwa hatua mbili kutoka kwake, na kibao kinaning'inia mkononi.

Akelo alijaribu Kiingereza. "Bibi, hakuna aliyekufa! Ni mdahalo!"

Bibi Selina aliposikia Kiingereza alizidi kulia. Mjukuu anayeshindwa kukwambia habari kwa lugha ya nyumbani ana habari gani nzuri?

Akelo akajaribu kutikisa kichwa na kutabasamu. Bibi aliona tabasamu hilo, akajua mtoto amechanganyikiwa kwa huzuni.

Kiswahili nacho kisingesaidia. Mbali ya kukatazwa, Kiswahili cha Bibi Selina ni cha sokoni, chote ni bei gani na punguza.

Akelo akakumbuka mawe. Nje ya mawe angeweza kusema atakavyo! Akamshika bibi mkono, akaanza kumvuta kuelekea kwenye ule mstari mweupe.

Bibi Selina alitazama anakopelekwa. Nyuma ya mawe kulikuwa na kibanda cha kuhifadhia majembe, mlango umefungwa. Alielewa kwamba maiti ya mwanawe imo mle ndani, na kwamba anaitwa akaione. Alijitupa chini, akang'ang'ania nyasi kwa mikono miwili, na Akelo na Evelina wakishirikiana hawakuweza kumsogeza hata hatua moja.

"Mwanangu!" alilia kwa Kijaluo. "Nilikwambia usiende ziwani na upepo ule! Nilikwambia!"

Akelo alitazama kulia. Mkuu Venant alikuwa anamtazama midomo. Akatazama kushoto. Mzee Mhoja alikuwa amesimama na usinga, anasubiri watu watulie ndipo aamue. Angenyamaza kidogo tu. Angemwacha mwanamke mzee alie muda wa kunywa kikombe cha chai, apate ushindi wake, halafu amtoe nje na kumweleza.

Bibi Selina alianza kujipiga kifuani.

"Dana!" Akelo akapiga kelele. "Dana, onge ng'ama otho! Hakuna aliyekufa! Baba ni mzima, Dana, mzima kabisa, yuko nyumbani anakula!"

Alisema yote kwa Kijaluo, ndani ya mawe, mbele ya wazazi, walimu na Mkuu wa shule. Na alipokwisha kuanza hakujizuia. Alimweleza bibi habari za mdahalo, za nyoka, za ndoto. Wenzake wakashika midomo kwa hofu.

Kibao kikatua shingoni kwake.

"Mara ya nne," alisema Mkuu Venant kwa Kiingereza. "Kafungashe."

Bibi Selina hakuona kibao. Alikuwa amekaa kwenye nyasi anameza habari. Mwanawe ni mzima. Polepole uso wake ukafunguka. Akacheka. Akasimama, akatikisa nyasi kwenye gauni, akamkamata Ng'washi mkono na kuanza kuimba wimbo wa shukrani wa kanisani kwao, huku anacheza kwa mabega yote mawili.

Ng'washi hakuelewa neno, ila furaha ya mtu aliyefufuliwa mwanawe haihitaji mkalimani. Akacheza. Wamama wakacheza. Nestory akarudia ndoo yake. Waliokuwa mbali wakasogea, walimu wakasogea, yule mzee aliyelala akaamka akauliza kuna nini, akaingia naye. Mwisho hata Ngosha alishuka mezani na chupa yake, akaja kucheza pembeni ya mama yake. Uwanja mzima ulikuwa kwa bibi.

Mzee Mhoja alitembea taratibu, watu wakampisha. Akanyoosha usinga, akauweka juu ya kitambaa cha kichwani cha Bibi Selina.

"Mshindi ni huyu," alisema.

Mkuu Venant aliruka mawe mpaka nje. Huko ndiko alikopata Kiswahili cha kupingia.

"Mzee, huyu hayumo kwenye mdahalo! Hayupo upande wowote!"

"Ana watu wote," alisema Mzee Mhoja. "Nionyeshe mwingine mwenye watu."

"Hajui hata Kiingereza!"

"Hata mimi sijui, na umeniita nihukumu."

Watu wakapiga makofi. Makofi yakamfikia Mzee Chenge mahali anapopenda yamfikie. Akainuka, akapandisha suruali juu ya kitambi.

"Mimi nikisema mbele ya watu, nimesema," alitangaza. "Mshindi anasoma hapa bure mpaka kidato cha nne. Bibi huyu ameshinda. Nafasi ni yake."

"Mzee Chenge!" Mkuu Venant alishika kichwa. "Ni bibi!"

"Shule za serikali zina mipaka ya umri. Hii ni yangu." Mzee Chenge akageuka, akamwona Akelo na kibao chake. "Wewe binti, sheria ya mawe ni ya Mkuu, siingilii. Umefukuzwa, umefukuzwa. Lakini kwa kuwa umefukuzwa, sasa unaweza kusema lugha yoyote, sivyo? Basi mtafsirie bibi. Mwambie nafasi hii ni mali yake. Akiitaka, asome yeye mwenyewe. Asipoitaka, ampe mtu yeyote anayempenda, hata wewe. Muulize anasemaje."

Moyo wa Akelo ukapiga hodi. Hata wewe! Alijua bibi atasema nini. Bibi aliyeuza mbuzi wake wa mwisho ili Akelo apate sanduku la bati, angemwacha afukuzwe?

Akapiga magoti mbele yake, akamweleza yote kwa Kijaluo, vizuri, bila kuruka neno. Kwamba ameshinda. Kwamba nafasi ni yake, akitaka asome, akitaka aigawe.

Bibi Selina aliyatazama madarasa, moja baada ya jingine, yale madirisha ya rangi ya bluu.

"Kaka yangu alipelekwa shule ya misheni," alisema mwishowe. "Mimi nilikuwa nambebea kibao chake cha kuandikia mpaka mlangoni, halafu nageuka na mbuzi. Kila siku. Siku moja nilichungulia ndani, mwalimu akafunga mlango." Akamshika Akelo shavu. "Wewe umeshasoma mpaka kidato cha tatu, mama. Una akili, utapata pengine. Mimi nitapata wapi tena? Waambie nimekubali. Waambie nitasoma."

Akelo alibaki amepiga magoti.

Uwanja wote ulikuwa unamsubiri. Mjaluo mwingine shuleni pale alikuwa mpishi Okwach peke yake, na Okwach alikuwa jikoni anapambana na sufuria za pilau. Hakukuwa na mtu mwingine wa kujua alichosema bibi.

"Haya, binti," alisema Mzee Chenge. "Anasemaje?"

Akelo alisimama. Alimtazama bibi yake, akatazama geti, akaliona basi la Musoma machoni mwake.

"Anasema," akaanza. "Anasema yeye ameshazeeka. Nafasi yake ananiachia mimi."

Uwanja ulilipuka. Vigelegele, ndoo, makofi. Ng'washi alimbeba Akelo juu juu. Mzee Chenge alifuta machozi kwa tai, akasema ndiyo maana anawapenda wazee. Mkuu Venant alimvua Akelo kibao bila kumtazama usoni.

Akelo alitaka kufurahi. Alijilazimisha kabisa.

Alipowekwa chini alimtafuta bibi, akamwona. Bibi Selina alikuwa amesimama peke yake katikati ya shangwe, anapunga mkono kwa kila anayempigia makofi, anashukuru kwa Kijaluo. Alidhani wanamshangilia yeye. Alidhani wamefurahi kwamba atasoma.

Kisha akaokota fuko lake, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwani, akaanza kutembea kuelekea madarasani. Watu walimpisha kwa heshima, wakifikiri anakwenda kupumzika kivulini.

"Dana!" Akelo akamkimbilia. "Dana, subiri!"

Bibi hakusubiri. Alipanda ngazi, akasukuma mlango wa kidato cha tatu. Aliposimama kwenye kizingiti alivua kandambili zake, akaziacha nje. Akaingia. Akapita kati ya madawati akiyagusa moja moja, akachagua la mbele kabisa, akakaa, akakunja mikono juu ya meza.

Mkuu Venant alifika akihema, nusu ya wazazi wakiwa nyuma yake, wamejaza mlango na madirisha.

"Anafanya nini huyu?" alimuuliza Akelo kwa Kiingereza. "Muulize anangoja nini humu ndani."

Bibi Selina alimwona mwalimu ameingia. Akasimama wima upesi, kama alivyowaona watoto wa misheni wakisimama siku ile aliyochungulia. Akamgeukia mjukuu wake, macho yanang'aa.

"Mwambie mwalimu niko tayari," alisema. "Mwambie aanze. Na mwambie safari hii mlango aufunge, mimi nikiwa ndani."